Pengo la ajira kati ya wanaume na wanawake katika nchi mbili: tofauti, uwiano au odi?

Una jedwali lenye namba nne. Nchi A: wanaume wenye ajira ni 80%, wanawake 60%. Nchi B: wanaume 50%, wanawake 35%. Umeulizwa ni nchi ipi yenye pengo kubwa zaidi la kijinsia. Ukitoa, A ina pengo la pointi 20 na B pointi 15, kwa hiyo A ndiyo iliyo nyuma. Ukigawanya, wanawake wa A wanafikia 0.75 ya kiwango cha wanaume na wa B wanafikia 0.70, kwa hiyo sasa B ndiyo iliyo nyuma. Hakuna aliyekosea hesabu, na bado majibu yamepishana.

Namba hizi ni za mfano, zimechaguliwa ili ziwe nyepesi kukokotoa. Lakini mkanganyiko wenyewe ni wa kweli, na hujitokeza hasa pale nchi mbili zinapokuwa na viwango vya ajira vilivyoachana mbali. Njia zinazogombewa ni tatu: tofauti ya pointi za asilimia, uwiano wa viwango, na uwiano wa odi (odi ni wenye ajira wakigawanywa kwa wasio na ajira). Kila moja ni halali na kila moja ina swali lake. Tatizo huanza pale mtu anapochagua njia kwa mazoea, kisha akaandika sentensi ambayo njia hiyo haiwezi kuibeba.

Vigezo vya kulinganishia

Tutazipima njia zote tatu kwa mambo manne. Kwanza, inajibu swali gani hasa? Pili, ukigeuza upande na kuhesabu wasio na ajira badala ya wenye ajira, mpangilio wa nchi unabaki vilevile? Tatu, msomaji asiye mtakwimu ataisoma sawasawa? Nne, inakubali masahihisho ya umri na elimu bila kubadilika maana?

Kigezo cha pili hupuuzwa sana, na hiki ndicho kinachofichua mengi. Kuwa na ajira na kutokuwa nayo ni pande mbili za sarafu moja. Kipimo kinachosema B iko nyuma ukitazama upande mmoja, kisha kikasema A iko nyuma ukigeuza, kinahitaji maelezo kabla hakijapelekwa kwa watunga sera.

Kabla ya njia, namba ziwe za kitu kimoja

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, na hakuna njia ya hesabu itakayouokoa baadaye.

Kiwango cha ajira ni idadi ya wenye ajira, wakiwemo waliojiajiri, ikigawanywa kwa watu wote wa umri husika. Kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi ni kitu kingine, kwa kuwa kinajumlisha na wanaotafuta kazi. Kuchukua kimoja kwa nchi A na kingine kwa nchi B ni kosa la kawaida mno, kwa sababu majedwali huyaweka yote mawili karibu karibu.

Kisha umri. Shirika la Kazi Duniani, ILO, hutoa viashiria vyake vikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, hupendelea miaka 15 hadi 64. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, hupima pengo la ajira kwa miaka 20 hadi 64. Mipaka hii si jambo dogo. Wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume, hivyo kundi lisilo na kikomo cha juu hubeba wanawake wazee wengi waliokwisha kuacha kazi, na pengo huvimba bila chochote kubadilika kwenye soko la ajira. Upande wa chini nako, vijana walio masomoni hushusha viwango vya jinsia zote na kulifinya pengo. Kama data inaruhusu, weka miaka 25 hadi 54 kama ulinganisho wa pembeni. Hapo masomo na kustaafu havichezei matokeo sana.

Linalofuata ni zito zaidi: nani anahesabiwa kuwa na ajira? Ukifanya kazi kwa malipo au faida hata saa 1 katika wiki ya rejea, yaani wiki ambayo utafiti unaiulizia, unahesabiwa. Lakini azimio la Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, mwaka 2013, lilitenganisha ajira na kazi ya kuzalisha kwa matumizi ya nyumbani. Chini ya ufafanuzi uliotangulia, wa mwaka 1982, mwanamke anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake alihesabiwa kuwa na ajira. Chini ya ule wa 2013 hahesabiwi. Jembe ni lilelile, shamba lilelile, jasho lilelile, ila safu ya jedwali imebadilika. Ikiwa utafiti wa nchi A unafuata ufafanuzi wa zamani na wa nchi B unafuata mpya, pengo unalolilinganisha ni la dodoso. Fungua dodoso lenyewe utafute swali linalouliza kama mazao ni ya kuuza au ya kula. Likiwepo na likitumika kumpanga mhojiwa, huenda ni ufafanuzi mpya, kisha thibitisha katika maelezo ya utafiti. ILO huonyesha kwenye hazina yake ya takwimu ni mfululizo upi unafuata ufafanuzi upi, kwa hiyo usichanganye mifululizo hiyo miwili.

Angalia pia aliyejibu maswali. Mkuu wa kaya anapojibu kwa niaba ya wote, kazi za wanawake za saa chache au za msimu husahaulika kwa urahisi kuliko za wanaume. Na msimu wenyewe ni jambo: utafiti wa robo moja ya mwaka, ukiangukia wakati wa mavuno nchi moja na wakati wa kiangazi nchi nyingine, haulinganishiki na mwenzake.

Mwisho, saa za kazi. Kiwango cha ajira humhesabu wa saa 10 kwa wiki sawa na wa saa 40. Tuseme nusu ya wanawake wenye ajira wa nchi A, yaani pointi 30 kati ya zile 60, wanafanya kazi nusu siku, na wanaume wote wanafanya siku nzima. Ukibadilisha kuwa kazi za siku nzima, wanawake wanashuka hadi 30 + 15 = 45, na pengo linapanda kutoka pointi 20 hadi 35. Ndiyo maana nchi kama Uholanzi, ambako zaidi ya nusu ya wanawake wenye ajira wako kwenye kazi za muda mfupi, huonekana tofauti kabisa kutegemea kipimo kipi kimetumika.

Njia ya kwanza: tofauti ya pointi za asilimia

*Hesabu.* Kiwango cha wanaume kutoa kiwango cha wanawake. A: 80 − 60 = 20. B: 50 − 35 = 15.

*Swali inalojibu.* Katika kila watu 100 wa kila jinsia, ni wanawake wangapi zaidi wangehitaji kuwa na ajira ili kuwafikia wanaume? Ni swali la idadi ya watu, na linageuka haraka kuwa swali la mipango: nafasi za kazi ngapi, nafasi za malezi ya watoto ngapi, gharama kiasi gani.

*Ukigeuza upande.* Hakuna kinachobadilika. Wasio na ajira katika A ni 20% na 40%, na pengo ni pointi 20 zilezile. Hii ni nguvu yake kubwa.

*Inapopotosha.* Pengo haliwezi kuzidi kiwango cha wanaume chenyewe. Nchi ambayo wanaume wenye ajira ni 50% haiwezi kuwa na pengo la pointi 60 hata kama hakuna mwanamke hata mmoja mwenye kazi. Kwa hiyo nchi yenye uhaba wa ajira kwa kila mtu huweza kuonekana yenye usawa kuliko ilivyo. Kosa la pili ni la lugha: watu huandika “wanawake wako chini kwa 20%”. Si kweli. Wako chini kwa pointi 20, ambazo ni 25% ya kiwango cha wanaume. Sentensi hizo mbili zikichanganywa katika ripoti moja, msomaji hana njia ya kujua ipi ni ipi.

*Masahihisho.* Inayakubali vizuri. Katika regresheni ya kawaida ya mstari, yaani modeli inayojumlisha mchango wa kila kigezo, weka kigezo cha mwanamke (1 kwa mwanamke, 0 kwa mwanamume), kigezo cha nchi B, na kigezo cha mwanamke-wa-nchi-B. Kwa mfano wetu unapata 80 (wanaume wa A), kisha kwa mpangilio huo −20, −30 na +5. Hiyo +5 ndiyo jibu lako: pengo la B ni dogo kwa pointi 5. Ukiongeza umri, maana haibadiliki.

*Inamfaa nani.* Wapanga mipango, waandishi wa habari, na yeyote anayefuatilia malengo yaliyotangazwa. Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo la kupunguza pengo la ajira angalau kwa nusu ifikapo 2030 ukilinganisha na 2019, na pengo hilo hupimwa kwa pointi.

Njia ya pili: uwiano wa viwango

*Hesabu.* Kiwango cha wanawake kugawanywa kwa cha wanaume. A: 0.75. B: 0.70.

*Swali inalojibu.* Fursa ya ajira iliyopo nchini, iwe nyingi au kidogo, wanawake wanaipata kwa kiasi gani wakilinganishwa na wanaume? Uwiano hauiadhibu wala kuipendelea nchi kwa ukubwa wa soko lake la ajira. Hoja hii ina uzito. Katika nchi B, wanaume na wanawake wakiwa idadi sawa, kwa kila wanaume 10 wenye ajira wapo wanawake 7 tu, na umaskini wa ajira wa nchi nzima hauufuti ukweli huo.

*Ukigeuza upande.* Hapa pana shida. Chukua wasio na ajira: A ni 40 kwa 20, uwiano wa 2.0, B ni 65 kwa 50, uwiano wa 1.3. Kwa kutazama wenye ajira, B iko nyuma kidogo. Kwa kutazama wasio na ajira, A iko nyuma sana. Mwandishi mwenye nia mbaya anaweza kuchagua upande unaomfaa, na mwenye nia njema anaweza kujikwaa bila kujua. Ukitumia uwiano, tangaza upande kabla ya kuona matokeo, na usiubadilishe katikati ya ripoti.

*Inapopotosha.* Viwango vikiwa vya chini, pointi chache husukuma uwiano sana. Kutoka 10 hadi 13 kwa 20 ya wanaume ni kupanda kutoka 0.50 hadi 0.65, pointi hizohizo 3 kutoka 60 hadi 63 kwa 80 ni kupanda kutoka 0.75 hadi 0.79 tu.

*Masahihisho.* Yanawezekana kwa modeli ya logi ya kiwango, ingawa mara nyingine modeli hiyo hugoma kufikia suluhisho viwango vinapokaribia 100%.

*Inamfaa nani.* Wanaopanga nchi nyingi kwenye orodha moja. Fahirisi ya pengo la kijinsia ya Jukwaa la Uchumi Duniani, inayotolewa tangu 2006, hutumia uwiano wa mwanamke kwa mwanamume, ikiwemo kwenye ushiriki katika nguvu kazi, na hukata thamani kwenye 1 ili kuwazidi wanaume kusihesabiwe kama alama za ziada.

Njia ya tatu: uwiano wa odi

*Hesabu.* Odi, kama tutakavyoiita hapa, ni wenye ajira wangapi kwa kila mmoja asiye na ajira. Wanaume wa A: 80/20 = 4. Wanawake wa A: 60/40 = 1.5. Uwiano wake ni 0.38. Katika B ni 1 na 0.54, uwiano 0.54. Kwa kipimo hiki A iko nyuma, tena kwa mbali.

*Swali inalojibu.* Je, kuwa mwanamke kunahusiana kwa nguvu kiasi gani na kuwa au kutokuwa na ajira, kwa namna isiyobanwa na dari la 100% wala sakafu ya 0%? Linganisha jozi mbili: 96 na 92, kisha 54 na 50. Tofauti zote ni pointi 4. Lakini katika jozi ya kwanza wanawake wasio na ajira ni mara mbili ya wanaume, 8 dhidi ya 4. Odi huliona hilo: 0.48 kwa jozi ya kwanza, 0.85 kwa ya pili.

*Ukigeuza upande.* Unapata kinyume chake kamili, 1/0.38, na mpangilio wa nchi haubadiliki.

*Inapopotosha.* Karibu kila mtu ataisoma vibaya. 0.38 haimaanishi kwamba mwanamke wa A ana 38% ya nafasi ya mwanamume. Ana 75% ya nafasi hiyo. Kwa matukio adimu odi na uwiano wa kawaida hukaribiana, lakini ajira si tukio adimu, hivyo kosa hilo huwa kubwa mara nyingi.

*Masahihisho.* Hutoka moja kwa moja kwenye modeli ya logiti, yaani regresheni inayokadiria logi ya odi, na hapo kuna mtego. Katika logiti, ukiongeza kigezo chenye nguvu kama elimu, namba ya jinsia huweza kukua hata kama elimu haitofautiani kati ya wanaume na wanawake. Nchi mbili zikiwa na mambo yasiyopimwa ya viwango tofauti, namba zao za logiti hazilinganishiki kirahisi. Dawa yake ni kurudi kwenye pointi: kwa kila mtu kwenye data, kadiria uwezekano wa ajira akihesabiwa mwanamume, kisha akihesabiwa mwanamke, toa, halafu chukua wastani kwa kila nchi.

*Inamfaa nani.* Watafiti wanaoandikia watafiti.

| | Nchi A | Nchi B | Iliyo nyuma |
|---|---|---|---|
| Tofauti (pointi) | 20 | 15 | A |
| Uwiano, wenye ajira | 0.75 | 0.70 | B |
| Uwiano, wasio na ajira | 2.0 | 1.3 | A |
| Uwiano wa odi | 0.38 | 0.54 | A |

Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni ya sampuli?

Chukua sampuli ya wanaume 2,000 na wanawake 2,000 kila nchi. Kosa sanifu la pengo la A, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba kwa bahati ya sampuli tu, ni kipeuo cha pili cha (0.8×0.2/2000 + 0.6×0.4/2000), sawa na pointi 1.41. La B ni 1.55. Kosa sanifu la tofauti ya mapengo mawili ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao, pointi 2.1. Hivyo pengo la A linazidi la B kwa pointi 5, na masafa ya kuaminika ya 95%, yaani makadirio kutoa na kujumlisha takriban makosa sanifu mawili, ni kati ya 0.9 na 9.1. Sifuri haimo, kwa hiyo unaweza kusema pengo la A ni kubwa zaidi.

Lakini tafiti za kaya huchagua maeneo kwanza, kisha kaya, na majirani hufanana. Athari hiyo ya usanifu ikiwa 2, yaani ikizidisha mraba wa kosa sanifu mara mbili, kosa sanifu lenyewe linazidishwa kwa 1.41 na masafa yanakuwa −0.8 hadi 10.8. Sasa sifuri imo. Anayepuuza uzani na maeneo ya sampuli atatangaza tofauti ambayo data yake haiwezi kuitetea. Tena, kwa sampuli hiyohiyo ya kwanza, ukigawanya uwiano wa A kwa wa B unapata 1.07, masafa 0.98 hadi 1.17: hata kabla ya athari ya usanifu, kwa njia ya uwiano huwezi kusema B iko nyuma. Usilinganishe masafa ya nchi mbili kwa macho uone kama yanagusana. Pima tofauti yenyewe.

Kusahihisha au kutosahihisha

Tuseme katika nchi zote mbili pengo la vijana wa 15 hadi 24 ni pointi 5, na la 25 hadi 54 ni pointi 25. Nchi yenye nusu ya watu wake vijana itaonyesha pengo la 15. Yenye vijana 20% itaonyesha 21. Pointi 6 za tofauti, na hakuna umri hata mmoja ambao nchi hizo zinatofautiana. Kwa hiyo umri usahihishwe: chukua muundo mmoja wa umri, uutumie kwa nchi zote mbili.

Idadi ya watoto ni habari nyingine. Ukiisahihisha, unaondoa kwenye pengo mzigo wa malezi, ambao katika nchi nyingi ndio unaowatoa wanawake kazini. Matokeo yatasema pengo ni dogo, na mwanamke aliyeacha kazi kwa kukosa mtu wa kumwachia mtoto atakuwa amefutwa kwenye hesabu. Toa pengo ghafi kwanza, kisha lililosahihishwa, na useme kilichoondolewa.

Kwa hali yako

Ukiandika kwa umma au kupanga bajeti, tumia pointi, na uandike neno “pointi” kila mara.

Ukipanga nchi nyingi zenye viwango vya ajira vilivyoachana sana, na swali ni mgawanyo wa fursa iliyopo, tumia uwiano wa wenye ajira, na uweke ule wa wasio na ajira kando yake.

Ukiwa karibu na dari au sakafu, au ukiandikia jarida la kitaalamu, kadiria kwa logiti lakini toa matokeo kwa pointi pia.

Kama majibu yamepishana kama yalivyo kwa A na B, usilazimishe mshindi. Andika kwamba A ina wanawake wengi zaidi walio nyuma ya wanaume kwa kila 100, na kwamba B, yenye ajira chache, inaonekana kuwapa wanawake sehemu ndogo kidogo ya zile zilizopo.

Ukifuatilia nchi kwa miaka, chapisha viwango vyote viwili kila mwaka. Wanaume wakishuka kutoka 80 hadi 70 na wanawake kutoka 60 hadi 58, pengo linapungua kutoka 20 hadi 12, uwiano unapanda kutoka 0.75 hadi 0.83, odi kutoka 0.38 hadi 0.59. Vipimo vyote vitatu vinasema hali imekuwa bora, ilhali sehemu ya wanawake wenye ajira imeshuka.